Printa ya picha iliyokarabatiwa: ipi uchukue, na ufanye nini oda ikikwama

Printa ya picha haichakazwi na kazi kama inavyochakazwa na kukaa bure. Mashine iliyochapa picha kila siku kwa miaka mitatu inaweza kukutumikia vizuri kuliko ile iliyochapa kurasa mia mbili, ikasahaulika kabatini mwaka mzima, kisha ikafutwa vumbi na kuuzwa kama "karibu mpya". Kichwa cha kuchapia, au hedi kama mafundi wanavyosema, kina matundu membamba kuliko unywele, na wino ukikaukia humo ndiyo basi. Kwa hiyo printa za hapa chini nimezipanga kwa swali moja: ikiwa imekaa miezi sita kwenye ghala la muuzaji, itakufikia ikiwa nzima?

Kwanza, hilo neno "iliyokarabatiwa" lina watu watatu nyuma yake. Kuna mashine iliyorudi kwa mtengenezaji mwenyewe, akaikagua, akabadilisha kilichokufa na kuipa waranti yake. Kuna iliyopita kwa fundi wa duka, ambaye huenda kafanya kazi nzuri, huenda kasafisha tu. Na kuna ya mtumba iliyopewa jina la kuvutia. Muulize muuzaji kwa maandishi: nani aliikarabati, kabadilisha nini, waranti ni ya nani na ni ya siku ngapi. Akikujibu "iko vizuri kabisa, usijali", hajakujibu. Tafuta mwingine.

Namba 1: printa ndogo ya riboni

Hapa nina maana ya Canon Selphy, hasa CP1300 iliyotoka 2017 na CP1500 iliyotoka 2022. Naiweka juu bila kusita, kwa sababu haina wino wa majimaji hata tone. Rangi iko kwenye riboni. Joto huihamishia kwenye karatasi, njano kwanza, kisha majenta (waridi iliyokolea), kisha siani (buluu yenye ukijani), na mwisho utando wa kinga unaofanya picha isidhurike na alama za vidole wala maji kidogo. Utaiona karatasi ikitoka na kurudi ndani mara nne. Ikikaa miaka miwili bila kuguswa, hakuna cha kukauka.

Faida nyingine ni hesabu. Riboni na karatasi huuzwa pamoja: pakiti ya KP-108IN ina karatasi 108 na riboni tatu, kila moja ya picha 36. Unajua gharama ya picha moja kabla hujaanza. Inachapa saizi ya postikadi, sentimita 10 kwa 15, na picha moja haimalizi dakika.

Usiogope kuchukua CP1300 badala ya CP1500. Zote mbili zinakula pakiti ileile, na picha zinazotoka zinakaribiana sana. Kagua mambo mawili tu: trei ya karatasi, kwa sababu ndicho kitu kinachopotea kuliko vyote kwenye mashine za mtumba na bila hiyo huchapi chochote; na adapta ya umeme, iwe ile ya asili. Ukichapa na kuona mstari mwembamba mweupe unaorudia mahali palepale kwenye kila picha, kuna vumbi kwenye njia ya karatasi au hedi ya joto imeumia. Vumbi linasafishika. Hedi ikiumia, rudisha.

Namba 2: ya tangi, yenye rangi sita

Kama unachapa nyingi au unataka A4 na kuendelea, nenda kwenye tangi: Epson L805, L1800 ya A3+ (kubwa kidogo kuliko A3), au ET-8550. Wino wa chupa unashusha gharama sana, na hizi ndizo printa ambazo wapiga picha wa studio huzichosha kila siku, jambo ambalo kwangu ni sifa.

Shida yake ni kwamba hedi ya Epson imejengewa ndani ya mashine. Ikifa, kuibadilisha kunakaribia bei ya printa nyingine. Kwa hiyo usilipe kabla hujaona ukurasa wa kupima matundu, uliochapwa siku hiyohiyo, umeandikwa tarehe kwa kalamu na kupigwa picha kando ya namba ya mfululizo iliyoko nyuma ya mashine. Ukurasa wenyewe una ngazi ndogo za mistari kwa kila rangi. Ikuze picha. Kwenye L805 na L1800 tazama zaidi rangi hafifu, siani hafifu na majenta hafifu, kwa kuwa ndizo zinazopotea bila mtu kujua; ET-8550 haina hizo, ina kijivu. Maandishi yatatoka vizuri, mbingu itatoka vizuri, lakini uso wa mtu utaingia ukijani mashavuni na utadhani kosa ni la karatasi.

Cha pili ni sponji ya wino taka. Kila unaposafisha hedi, wino unaotoka unamwagika kwenye sponji iliyo chini, na printa inahesabu. Hesabu ikijaa, inagoma kabisa. Fundi asiye mwaminifu hurudisha hesabu sifuri kwa programu na kuiacha sponji ileile imelowa. Muulize waziwazi kama sponji imebadilishwa. ET-8550 imeepuka jambo hili: ina kisanduku cha wino taka ambacho unakibadilisha mwenyewe, na kwa sababu hiyo ndiyo ningeichagua kati ya hizo tatu.

Namba 3: ya katriji, hedi inayotoka

Canon PIXMA PRO-100 ndiyo mfano. Ilitoka 2012, ina katriji nane, inachapa hadi A3+, na rangi zake bado zinapendeza. Hedi unaweza kuitoa kwa mkono na kuweka nyingine, na hilo linakupa matumaini pale ambapo Epson haikupi. Ila hedi yake hufanya kazi kwa joto, na ikiwashwa bila wino inaungua. Ukiona msimbo wa kosa B200 kwenye kompyuta, hiyo mara nyingi ni hedi iliyokufa. 5B00 ni sponji iliyojaa. Na kwa kuwa ni ya zamani, hakikisha kompyuta yako bado inapata programu yake kabla ya kulipa.

Namba 4: zile kubwa za kazi za maonyesho

Canon PRO-1000 ina wino 12 na uzito wa kilo 32 hivi. Epson P800 ina katriji tisa za mililita 80. Ni mashine nzuri ajabu. Lakini ziagize kwa mbali ikiwa tu zimekarabatiwa na mtengenezaji. Ili isafirishwe salama, mashine ya namna hii hutolewa wino mirijani, na ukiiwasha upya mirija inameza wino mwingi kabla hujapata picha ya kwanza. Jumlisha seti nzima ya katriji kwenye bei. P800 ina jambo jingine: nyeusi ya karatasi ya kung'aa na nyeusi ya karatasi ya mati (isiyong'aa) zinapokezana njia moja, na kila ukibadilisha, wino unapotea.

Namba 5: za mfukoni za Zink

Hapana. Rangi iko ndani ya karatasi, kwa hiyo hakuna cha kukauka, ni kweli. Lakini betri imefungiwa ndani, nayo imezeeka pamoja na mashine. Hii nunua mpya au acha.

Oda ikileta shida

Niliwahi kuagiza printa ya tangi yenye rangi sita. Sanduku lilifika likiwa na mshale wa "juu" unaotazama ukutani. Lilikuwa limelazwa ubavu safari nzima. Nilipolifungua, povu la kona moja lilikuwa limegeuka zambarau. Majenta hafifu haikutoka hata mstari mmoja. Muuzaji akaniandikia: "Ndugu mteja, tafadhali safisha hedi mara tatu kisha utujulishe." Nikasafisha. Akasema nirudie. Nikarudia. Siku zikawa zinakwenda, wino unaisha, na nilipokuja kusema narudisha, muda wa kurudisha ulikuwa umepita kwa siku mbili. Niliumia sana, kwa sababu ushahidi niliokuwa nao siku ya kwanza ulitosha kabisa. Sikuutumia.

Tangu hapo nafanya hivi. Sanduku likifika, nalipiga picha pande zote sita kabla ya kisu kugusa gundi. Nafungua huku nikirekodi video moja isiyokatwa, kuanzia lebo ya mzigo hadi namba ya mfululizo ya mashine. Namba hiyo nailinganisha na ya kwenye oda, ikitofautiana, siwashi. Kisha nawasha na kuchapa ukurasa wa kupima matundu ndani ya saa ya kwanza, pamoja na ukurasa wa hali ya mashine kama modeli inao, unaoonyesha idadi ya kurasa ilizochapa. Picha ya familia inaweza kusubiri.

Ikiwa kuna rangi iliyokatika, safisha mara moja au mbili, iache imezimwa usiku mzima, upime tena. Haijarudi? Usiendelee kusafisha ili kumridhisha mtu. Unajaza sponji na kumaliza siku zako. Andika siku hiyohiyo, kwenye mfumo wa ujumbe wa pale uliponunulia, si kwa simu wala kwa WhatsApp ya mtu binafsi ambayo mfumo hauioni:

"Oda namba hii, nimeipokea tarehe hii. Ukurasa wa majaribio uliochapwa saa moja baada ya kupokea unaonyesha majenta hafifu haitoki. Nimesafisha mara mbili bila mabadiliko. Picha na video nimeambatisha. Naomba kurudishiwa pesa zote pamoja na gharama ya kurudisha mzigo. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku saba."

Fupi, bila hasira. Atakayesoma dai lako baadaye, awe wa jukwaa la mauzo au wa benki, anataka tarehe na picha.

Akikupa sehemu ya pesa ubaki na mashine, kubali kama kilichokosekana ni trei au waya unaoweza kununua. Kama ni hedi, kataa. Usikubali pia kulifunga dai "ili tushughulikie haraka". Likishafungwa, kwenye majukwaa mengi halifunguki tena.

Mzigo usiofika ni kesi nyingine. Namba ya kufuatilia ikikaa wiki nzima bila kusogea, mwandikie muuzaji, si msafirishaji peke yake, kwa kuwa aliyechukua pesa yako ndiye mwenye jukumu la kuuliza. Ikisomeka "umepokelewa" nawe hujapokea, omba saini au picha ya makabidhiano. Na kama ulilipa kwa kadi, benki inaweza kupinga malipo kwa niaba yako. Muda wa kulalamika kwa Visa na Mastercard kwa kawaida hauzidi siku 120, kwa hiyo usikubali kuahirishwa mwezi baada ya mwezi.

Ukirudisha, fungasha kwa sanduku na povu lake la asili, ibaki imesimama sawa, na uchukue risiti yenye uzito wa mzigo. Futa jina na nywila ya Wi-Fi kwenye mipangilio. Kama ni ya riboni, itoe riboni iliyotumika uikate vipande: ukiinyanyua mbele ya taa, utaona sura zote ulizochapa zikiwa zimebaki pale, moja baada ya nyingine.