TV bapa kwa nyumba ya Mwanza: plazma, LCD au LED?

Swali hili naulizwa na ndugu na majirani kila baada ya mavuno, au kikoba kinapovunjwa: "Nimeiona plazma ya inchi 42, mtumba, safi kabisa. Bei yake ni ile ile ya LED mpya ya inchi 32. Nichukue ipi?" Huwa nawajibu bila kuzunguka: chukua ya inchi 32. Wengi hawaridhiki, kwa sababu zile inchi 10 za ziada zinaonekana kwa macho, umeme hauonekani.

Tuelewane majina kwanza. Bado kuna watu wanaoita kila TV bapa plazma, ili mradi haina chogo. Plazma halisi ni kioo chenye vyumba vidogo vidogo, na ndani ya kila chumba kuna gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi inatoa miale inayoiwasha rangi iliyopakwa mle ndani, kwa hiyo kila nukta inajiwakia yenyewe. LCD haijiwakii. Nyuma ya kioo chake kuna taa, na mbele ya taa kuna fuwele za kimiminika zinazopitisha au kuziba mwanga kama pazia la dirishani. Kwenye LCD za zamani taa hiyo ni mirija myembamba mfano wa tyubulaiti. Kwenye za sasa ni vitaa vya LED. Maana yake TV iliyoandikwa LED kwenye boksi ni LCD iliyobadilishiwa taa, basi. QLED nayo ni ya ukoo huo huo. OLED ni kitu kingine, inajiwakia kama plazma na picha yake ni nzuri kupita zote, lakini bei yake haiko kwenye mazungumzo ya mtu anayepima kati ya mtumba na inchi 32, kwa hiyo naiacha.

Plazma haitengenezwi tena. Panasonic ilitangaza kuacha Oktoba 2013, Samsung na LG zikafuata 2014. Plazma yoyote utakayoikuta mjini leo imeshapita miaka kumi, na ilishatumika sebuleni kwa mtu mwingine kabla haijafika kwako.

Mimi nimekaa nayo. Niliinunua ya inchi 42 kwa muuzaji mmoja wa mitumba, nikaipandisha Mabatini, kule juu mawe yalikozidi na gari haifiki. Tulikuwa watatu tukipokezana, wawili wakibeba na mmoja akipumua, kwa sababu uzito wake ulikuwa zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Usiku ule tuliangalia mpira na sikuwa na malalamiko hata kidogo. Siku ya tatu mtoto akaweka katuni yenye anga jeupe, na pale kona ya juu kushoto nikaona kisanduku cha kijivu, hafifu, chenye mistari kama ya tarakimu. Kilikuwa kivuli cha ubao wa matokeo, kimeungua ndani ya kioo baada ya miaka ya mechi. Muuzaji alikuwa amenijaribishia kwa filamu ya vita ya usiku, giza tupu, na ndani ya giza kivuli kile hakionekani. Kilibaki pale hadi nilipoachana na ile TV.

Kivuli nilikizoea. LUKU ndiyo sikuizoea.

Plazma ya inchi 42 inakula kati ya wati 200 na 300, kutegemea picha: uwanja wa mpira wenye jua unakula zaidi ya filamu ya giza. Tuchukue 250. Ukiiwasha saa 6 kwa siku, ni uniti 1.5 kwa siku, uniti 45 kwa mwezi. LED ya inchi 43 ya wati 70, kwa saa hizo hizo, ni uniti 12.6. LED ya inchi 32 ya wati 40 ni uniti 7.2. Nyumba nyingi za mjini ziko kwenye tarifa ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo ukiongeza kodi na tozo inafika kama 356. Plazma hapo inakutoa shilingi 16,020 kwa mwezi, inchi 32 inakutoa 2,563. Tofauti ya karibu 13,500 kila mwezi, zaidi ya 160,000 kwa mwaka. Kwa aliye kwenye tarifa ndogo, ile ya shilingi 100 kabla ya tozo, mambo ni mabaya zaidi, maana anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi. Plazma peke yake inachukua 45. Zinabaki 30 za taa, pasi, simu na friji kama lipo.

Halafu wati zile zote zinageuka joto. Chini ya bati, mwezi wa kumi, unalisikia usoni ukikaa karibu.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili. Wanaosema plazma ni nzuri kwa mpira hawakosei. Mpira unaopigwa kwa kasi haukokoti mkia, weusi wake ni weusi kweli, na aliyekaa pembeni kabisa anaona rangi zile zile anazoziona aliyekaa katikati. LCD za bei ya chini hadi leo hazijaifikia kwa hayo matatu. Ila sifa hizo zinataka chumba chenye giza kidogo. Sebule zetu nyingi mlango uko wazi mchana kutwa, na nyumba inayotazama ziwa inapokea mwanga wa jua na wa maji kwa pamoja. Kioo cha plazma kinakuwa kama kioo cha kujitazamia: unauona mlango, pazia na aliyesimama nje.

Kwa mpangilio wangu, basi, kuanzia ninayoipendekeza zaidi:

1. LED mpya ya inchi 32. Inafaa kwa chumba na sebule ambako kochi liko mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani, na hizo ndizo sebule nyingi za kupanga kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Ni nyepesi, mtu mmoja anaibeba. Nyingi zina nukta 1366 kwa 768, na kwa king'amuzi cha kawaida zinatosha. Udhaifu wake ni sauti, spika ni ndogo na zinatazama nyuma. Kama una sabufa ya zamani yenye waya za rangi nyekundu na nyeupe, angalia kabla ya kulipa kama TV ina tundu la sauti la kuichomekea, hata kama ni lile la hedifoni.

2. LED mpya ya inchi 43. Ikiwa kochi liko mita mbili na zaidi na fedha inaruhusu, hii ndiyo naipenda mwenyewe. Chukua yenye nukta 1920 kwa 1080 au zaidi. Usiongeze fedha nyingi kwa ajili ya 4K, yaani yenye nukta mara nne ya hizo, ikiwa unachoangalia ni king'amuzi, kwa sababu chaneli zenyewe hazirushwi hivyo. Nimeiweka ya pili kwa bei tu.

3. LED ya mtumba kutoka Ulaya. Hapa pana bahati njema na mbaya kwa pamoja. Kioo mara nyingi ni bora kuliko cha TV mpya ya jina usilolijua, lakini vitaa vya nyuma vimeshachoka. Dalili yake ni sauti inatoka, picha haipo. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu ukaona watu wanatembea gizani, vitaa ndivyo vimekufa. Fundi anabadilisha mkanda wa vitaa na TV inarudi. Kioo kikipasuka, hakuna fundi. Bei ya kioo inakaribia bei ya TV nyingine.

4. LCD ya mtumba yenye mirija. Inakula umeme karibu nusu ya njia kati ya LED na plazma, ni nene, na mirija ikizeeka picha inafifia na kuvuta rangi ya njano. Kwa bei ya chini sana, kwa chumba cha wageni, sawa.

5. Plazma. Kwa mtu mwenye chumba cha giza, anayeangalia mpira wa Jumamosi na Jumapili tu, anayejua anachokifuata. Kwa nyumba yenye watoto na TV inayowaka kuanzia katuni za asubuhi hadi taarifa ya habari, hapana.

Walioko visiwani na kwenye kambi za dagaa ambako umeme ni wa sola wana orodha yao. Kwao namba moja ni TV ya LED ya volti 12, inchi 19 hadi 24, inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri. Ukitumia TV ya kawaida kupitia inveta, inveta nayo inakula sehemu yake hata picha ikiwa ndogo.

Dukani, kitu cha kwanza ni kuigeuza TV na kusoma nyuma. Kama imeandikwa 100-240V, uko salama. Kama imeandikwa 100V peke yake ilitoka Japani, na 120V peke yake ilitoka Marekani. Kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua siku hiyo hiyo usipoiwekea transfoma, na chaneli zake za antena hazitashika. Pale pale nyuma utaona wati. Ukiona 200 na kuendelea kwa inchi 42, ujue ni plazma au LCD ya mirija, hata kama muuzaji anaiita LED. Namba ya modeli pia inasema ukweli. Kwa Samsung za soko la Ulaya za miaka ile, PS ni plazma, LE ni LCD ya mirija, UE ni LED. Kwa Panasonic, TX-P ni plazma, TX-L ni LCD. Kwa LG, tazama herufi inayofuata inchi: 42P ni plazma, 42L ni LCD. Namba ikiwa imebanduliwa, gusa kioo taratibu kwa ncha ya kidole. Cha LCD kinabonyea kidogo na rangi zinacheza kuzunguka kidole. Cha plazma ni kigumu kama dirisha, na kikishawaka robo saa kina uvuguvugu.

Nenda na flashi yako. Weka ndani picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na bluu. Muuzaji asikuchagulie cha kuangalia. Kwenye nyeupe tafuta vivuli vya nembo za chaneli na madoa ya giza; kwenye nyeusi tafuta nukta zinazong'aa na mwanga unaovuja pembeni. Kisha simama pembeni, pale atakapokaa mtoto au mgeni, uone rangi zinabadilika kiasi gani. TV mbili za bei moja zinaweza kutofautiana sana kwa hilo. Jaribu kila tundu la HDMI, maana lililolegea ndilo muuzaji huliruka.

Kuhusu intaneti nitasema kidogo. TV ya intaneti ni nzuri kama una bando la kutosha, lakini saa 1 ya picha ya HD inaweza kumaliza GB 1 hadi 3. Kama huna, nunua ya kawaida yenye kioo kizuri.

Ukifika nayo nyumbani, nunua gadi kabla ya kununua meza. Jioni umeme wetu hushuka, ukikatika hurudi kwa kishindo, na kinachokufa mara nyingi ni bodi ya umeme ya TV. Gadi inakata umeme unapopungua au kuzidi, na ukirudi inasubiri kwanza utulie. Radi ni habari nyingine, gadi haiizuii. Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi sana, hasa usiku wa manane na alfajiri, na haiji kwa waya wa umeme tu: inashuka pia kwa waya wa dishi hadi kwenye king'amuzi, na kutoka hapo kwa HDMI hadi kwenye TV. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa waya wa umeme na wa dishi pia.

Mwishoni, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wanafuata mwanga, wanafia juu ya TV na kuingia kwenye matundu ya nyuma, halafu mijusi inawafuata. Nimemwona fundi akifungua TV ya jirani yangu iliyozimika ghafla: juu ya bodi kulikuwa na tabaka la wadudu wakavu kama pumba, na mjusi amelala katikati ya nyaya mbili, amekauka. Usiku wakiwa wengi, zima taa ya sebuleni uwashe ya nje, ufunge dirisha. Kila baada ya miezi michache chomoa TV, pitisha brashi laini ya rangi kwenye matundu ya nyuma, usitumie kitambaa chenye maji.