Avebury, Wiltshire: kijiji kilichojengwa ndani ya duara la mawe

Wageni wengi wanaotaka kuona mawe ya kale ya Uingereza huishia Stonehenge, hulipa kiingilio, huyazunguka mawe kwa mbali, kisha hurudi kwenye basi. Avebury, iliyoko kaskazini mwa hapo katika mkoa huohuo wa Wiltshire, iliingizwa pamoja na Stonehenge katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, lakini mawe yake hayana lango wala kiingilio, na mgeni anaruhusiwa kuyagusa. Kwa maoni yangu, anayeweza kwenda mahali pamoja tu achague Avebury.

Kijiji kimekaa kwenye nyanda za miamba laini ya chokaa, mto Kennet ukiwa bado kijito tu. Chokaa hiyo ndiyo iliyowawezesha watu wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kuchimba, kwa pembe za kulungu, handaki la mviringo lenye kina cha mita zipatazo 9, wakarundika udongo mweupe kando yake ukawa tuta. Leo handaki limejaa udongo kiasi, na kondoo wanalisha kwenye miteremko yake. Ndani yake ndimo lilimo duara kubwa kuliko yote ya mawe duniani, na ndani ya duara hilo mna nyumba, baa iitwayo Red Lion, na barabara ya magari. Barabara hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mahali hapa: inalikata duara, magari yanapita kwa kasi, na mwenye watoto hana budi kuwashika mikono kila anapovuka.

Kabla ya kuyasifu mawe, ni vyema mgeni aanzie kwenye jumba la makumbusho la Alexander Keiller, kwa sababu bila maelezo yake atadhani anaona mandhari ambayo haikuguswa. Sivyo. Katika karne za 17 na 18 wanakijiji waliyapasua mawe mengi kwa kuyachoma moto na kuyamwagia maji baridi, wakajengea nyumba zao vipande vyake. Keiller, tajiri aliyerithi mali ya biashara ya mamaledi, alinunua sehemu kubwa ya kijiji katika miaka ya 1930, akayasimamisha mawe yaliyokuwa yamefukiwa, na mahali palipokosekana jiwe akaweka nguzo fupi ya zege. Alibomoa pia nyumba kadhaa zilizokuwa ndani ya duara. Kwa hiyo utulivu unaoonekana kwenye picha umetengenezwa kwa kiasi fulani na mtu mmoja mwenye fedha, na mimi sioni kuwa jambo hilo linastahili kupitiwa harakaharaka, hasa kwa waliohamishwa.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mifupa iliyopatikana mwaka 1938 chini ya jiwe mojawapo. Marehemu alikuwa na mkasi na sarafu za mwanzoni mwa karne ya 14, na vitu hivyo vikawafanya watafiti wamwite kinyozi-tabibu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba jiwe lilimwangukia wakati wa kulifukia, ingawa uchunguzi wa baadaye ulilitia shaka simulizi hilo.

Kwa anayetoka Swindon, basi la abiria linafika hadi kijijini. Vaa buti, kwani mvua ikinyesha nyasi huwa tope tupu. Kilima cha Silbury, chenye urefu wa mita 40 hivi na kilichorundikwa kwa mikono ya watu, kiko karibu, lakini ni marufuku kukipanda. Kaburi la kale la West Kennet, kinyume chake, liko wazi bila mlinzi. Beba tochi, uingie hadi chumba cha mwisho.