Semina ya kutafuta wafadhili Sinza, nusu nzuri nusu longolongo

Jamani nimetoka semina ya siku moja ya watu wa NGO, jina la kampuni naliacha, nimelipa 80,000 nikaambiwa chakula kimo, chakula chenyewe wali na kipaja kimoja cha kuku na soda ya moto. Asubuhi yote jamaa anatusomea slaidi za jinsi ya kuandika andiko la kuomba hela USAID, lile shirika la misaada la Marekani, we kaka, si Trump kasimamisha hela Januari 2025 na Julai mosi USAID yenyewe ikafungwa, sasa unamfundisha nani? Mama mmoja wa kituo cha watoto Mbagala akaninong'oneza "mwanangu, huyu anatuuzia magazeti ya juzi". Mchana ndo akaja dada mmoja, huyo sasa fundi, akasema hata Uingereza wanashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lao mpaka 0.3 ifikapo 2027, kwa hiyo tuanze kuchangisha hapahapa, akatuonyesha kwa simu yake lipa namba ya taasisi inavyofanya kazi na kwamba kila anayechanga, hata buku mbili, atumiwe meseji ya asante siku hiyohiyo. Lile lisaa na nusu ndo lililostahili hela yangu. Cheti wamekosea jina, eti nifuate Jumatatu. Nyota tatu, ukienda nenda mchana.