Swallowed Star: katuni ya Kichina iliyotukesha mimi na mdogo wangu

Nilianza kuitazama kwa bando la usiku, saa saba na nusu, baada ya kumaliza kubadilisha kioo cha simu ya mteja aliyekuwa anawahi basi la alfajiri. Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, nikadhani kasinzia. Ilipofika pale shujaa wake, Luo Feng, anabanwa na maumivu ya kichwa katikati ya mtihani wa taifa mpaka anazimia, nikasikia sauti nyuma yangu: "Kaka, hebu rudisha kidogo." Mwaka uliopita yeye mwenyewe alitolewa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne akitetemeka kwa malaria, karatasi ya hesabu ameijibu nusu. Sasa anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tuliirudisha mara tatu.

Kwa asiyeijua, hii ni katuni ya 3D iliyoanza kuonyeshwa kwenye Tencent Video, jukwaa la video la China, mwezi Novemba 2020. Imetengenezwa na Sparkly Key, studio ya mji wa Hangzhou, kutokana na riwaya ndefu iliyoanza kutoka mtandaoni sura kwa sura mwaka 2010. Mwandishi wake anajiita Wo Chi Xihongshi, yaani "nakula nyanya", lakabu ambayo mama yangu ameipenda kuliko madubwana yote yaliyomo. Katika hadithi hii, virusi vinavyoitwa RR vimeua watu wengi na kuwageuza wanyama kuwa majitu ya kutisha. Binadamu waliosalia wamejikusanya kwenye miji yenye ulinzi mkali, na miji ya zamani imebaki magofu ambako wapiganaji huenda kuwinda.

Lakini kilichonikamata ni nyumba ya kina Luo Feng. Kijana ana miaka 18, anaishi na wazazi wake na mdogo wake Luo Hua, anayetumia kiti cha magurudumu, kwenye nyumba ya kupanga iliyowabana. Hatafuti nguvu ili asifiwe mtaani, anataka kuwatoa pale. Na njia ya kutoka, yaani kuwa mpiganaji, inapimwa kwa namba: ngumi ifike kilo 900, mbio zifike mita 25 kwa sekunde, halafu upimwe wepesi wa kukwepa. Anasimama mbele ya mashine, anapiga, namba inapanda. Mimi nashika mashine ya kupimia umeme kila siku, najua ile pumzi unayoishikilia namba ikiwa bado inacheza. Wameipatia kabisa.

Na yale maumivu ya kichwa yaliyomwangusha kumbe yalikuwa dalili ya nguvu ya akili inayoamka ndani yake, ambayo baadaye inamwezesha kurusha visu hewani bila kuvigusa. Mdogo wangu hakusema kitu hapo. Alivuta mto akakaa karibu zaidi na simu.

Kitu kingine ninachokiheshimu ni kwamba uwindaji humu ni kazi. Luo Feng anaingia kikosi cha Nyundo ya Moto akiwa mgeni, na wakongwe wanamwangalia kwanza kazini kabla ya kumwamini. Mnyama akiuawa anakatwa, anauzwa, pesa inagawanywa. Silaha ina bei, na nguo ya kujikinga ina bei. Katuni nyingi humpa shujaa upanga tu, hakuna anayeuliza ulilipiwa na nani. Sehemu za mwanzo zote ningezitazama tena kwa sababu hiyo peke yake.

Kasoro zipo. Sura za watu katika msimu wa kwanza ni ngumu kama za sanamu, ingawa kadiri inavyoendelea uchoraji unakuwa mzuri mno, hasa kwenye mapambano. Kila Luo Feng akipiga pigo kubwa, watu wanne au watano wanaonyeshwa mmoja mmoja wakishangaa, na hiyo inakula dakika bure. Xu Xin, msichana anayempenda, amepewa nafasi ndogo kuliko anavyostahili. Na hadithi ikishatoka Dunia kwenda anga za mbali, vyeo vya nguvu vinakuwa vingi hata nikaanza kuviandika nyuma ya daftari la mafuta ya pikipiki. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio, hivyo inabidi nisimamishe kila mara nimtafsirie mama. Yeye vita havimhusu. Akipita anauliza tu, "Yule mdogo mtu hajambo?"

Ukifika kwenye dubwana liitwalo Mnyama wa Pembe ya Dhahabu, tenga usiku mzima. Kinachompata Luo Feng pale sitakisema, ila ugali ulipoa sahanini na hakuna aliyeukumbuka. Pia kuna Babata, akili ya mashine iliyoachwa kwenye chombo cha anga, yenye maneno mengi na majivuno, ambayo mdogo wangu ameanza kuiga sauti yake nyumbani.

Kwa kuanza nashauri utazame sehemu nne kwa mkupuo, kwani ya kwanza pekee haikuonyeshi uzito wake. Sisi tumewekeana utaratibu: maswali kumi ya hesabu kwanza, kisha sehemu mbili. Jana alimaliza kumi saa nne usiku, akanipa daftari nisahihishe, akafanya mengine matano bila kuambiwa, akaniuliza kama matano yanatosha kupata nusu sehemu. Nikamfungulia nzima.