Utumbo wa kijana aliye mbali au wa mtu mzima aliye karibu?

Tuseme mgonjwa mmoja amepatiwa nafasi mbili za kupandikizwa utumbo mwembamba. Wa kwanza ni wa mtoaji wa miaka 20, lakini hadi uunganishwe utakuwa umekaa kwenye baridi saa 10. Wa pili ni wa mtoaji wa miaka 52 aliye hospitali jirani, saa 5 tu.

Kwa umri, wa kwanza unashinda. Mishipa yake ya damu bado ni laini, haijaanza kuziba kwa mafuta, na timu nyingi hupendelea watoaji walio chini ya miaka 50.

Ila saa ndizo zinazouma. Figo huvumilia baridi kwa saa 24 na hata zaidi. Utumbo hauna subira hiyo. Husafishwa kwa maji maalumu ya kuhifadhia, ukalazwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 4 za Selsiasi, na bado tabaka la ndani huanza kubanduka, kuanzia kwenye ncha za vile vinyweleo vinavyofyonza chakula. Damu ikirudi, uharibifu huongezeka, na bakteria waliomo (utumbo hauwi mtupu kamwe) hupata upenyo wa kuingia mwilini. Ndiyo maana madaktari hukimbizana na muda wasivuke saa 6 hadi 8 hivi.

Mimi ningeegemea wa pili, mradi mishipa yake ikaguliwe vizuri na mtoaji asimzidi mpokeaji kwa umbo: tumbo lililopoteza utumbo husinyaa, na kiungo kikubwa hakienei. Saa za wa kwanza zikishuka hadi 7, nageuza kauli.