Amplifaya ya valvu kwa spika zinazohitaji wati chache: anza na mvumo

Mwaka jana nilinunua amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) za aina ya 300B katika duka moja la Kariakoo, nikaiunganisha na spika zangu za Klipsch Heresy IV, na usiku uleule nikagundua kwamba hata pasipo muziki zilikuwa zinavuma kama friji kuukuu, mvumo uliofika hadi kwenye kochi. Dukani sikuusikia kwa sababu feni lilikuwa linazunguka na bodaboda zinapita mlangoni.

Wanunuzi wengi huuliza wati. Heresy IV hutoa desibeli 99 kwa wati moja, kwa hiyo wati chache zinatosha sebule ya kawaida. Tatizo ni kwamba spika inayokuza wati moja kiasi hicho hukuza pia uchafu wa umeme: mvumo wa milivolti 5 ni kama desibeli 32 kwa umbali wa mita moja katika spika ya desibeli 87, nao humezwa na kelele za nyumba, lakini kwenye Heresy unafika 44 na husikika kila wimbo unapotulia. Kwa spika kama hizi mimi sikubali zaidi ya milivolti 1.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba naipenda, ni Cayin MT-12N, yenye valvu nne za EL84 na wati 12 kila upande. Valvu hizo hufanya kazi mbilimbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, hivyo mvumo wa sakiti ya umeme huingia kwenye transfoma ya sauti kutoka pande mbili na kujifuta kwa sehemu kubwa. Valvu ya 300B inayofanya kazi peke yake haina msaada huo, tena waya wake wa joto ndio unaotoa elektroni, kwa hiyo ukipashwa kwa umeme wa AC, ule wa ukutani unaogeuka mwelekeo kila mara, mvumo hupenya hadi kwenye muziki. Yangu ilikuwa hivyo. Fundi aliibadilisha itumie DC, umeme wa mwelekeo mmoja, na mvumo ukapungua sana, lakini nililipa mara ya pili kwa jambo ambalo muuzaji alipaswa kulisema.

Ya pili ni Dynaco ST-70 iliyotumika, muundo wa 1959 wenye valvu za EL34 na wati 35 kila upande, mradi kapasita zake kongwe (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) zibadilishwe kabla ya kuwashwa. Zile zilizouzwa Marekani zina transfoma ya volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kishusha umeme kitarekebisha volti tu, hezi zitabaki 50 zetu, na transfoma itapata joto zaidi na huenda ikavuma yenyewe.

Ya tatu ni 300B, ikiwa tu waya wa joto unatumia DC.

Vifaa vya bei ndogo vyenye valvu mbili za 6J1 mara nyingi huendesha spika kwa chipu ya kielektroniki, si kwa valvu, viacheni.

Nendeni dukani na spika yenu moja na mita inayosoma milivolti. Ombeni feni lizimwe, subirini valvu zipate joto, rudisheni sauti sifuri, kisha pimeni kwenye vifungio vya nyaya za spika. Muuzaji wangu alinionyesha mng'ao wa valvu, akapokea fedha taslimu, na niliporudi kesho yake akaniambia kwamba kifaa kilichokwisha kuwashwa hakirudishwi, sharti ambalo halikuandikwa popote kwenye risiti yangu.