Barua ya mwenyekiti si talaka: uzoefu wangu wa kutafuta hati na kufungua kesi huku kijijini

Kwa miaka minne nilijihesabu mwanamke aliyeachika. Nilikuwa na karatasi ya kuonyesha: barua ya mwaka 2019 yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji hapa kwetu Uganda), sahihi za wazee sita wa ukoo wa mume wangu, na mstari mmoja unaosema ndoa yetu imekwisha leo. Niliitunza ndani ya Biblia.

Mwaka 2023 nikaenda benki kuomba mkopo. Nauza mukene, yaani dagaa, mpakani Busia, na nilitaka kuweka rehani kiwanja ninachoishi na watoto. Kijana wa mikopo aliisoma ile barua mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, umesema mlifunga ndoa kanisani. Hii barua haiwezi kuivunja. Kwa sheria bado una mume, na ardhi ya familia hatuipokei bila mwenzi kuridhia. Leta amri ya mahakama." Nilitoka pale miguu imeniishia nguvu. Baba wa watoto wangu alikuwa Jinja na mwanamke mwingine tangu mwaka 2019, na mimi sikujua kwamba bado nimefungwa naye.

Nayaandika haya kwa ajili ya dada zangu walioko vijijini wenye karatasi kama ile. Cha kwanza kujua ni aina ya ndoa yako. Ya kanisani au ya msajili huvunjwa na mahakama tu, chini ya Sheria ya Talaka ya mwaka 1904. Waislamu wana sheria yao, na wengi huanzia kwa kadhi. Ndoa ya kimila ndiyo ambayo baraza la LC lina nafasi ya kusikiliza mgogoro wake, na hiyo pia inatakiwa iandikishwe gombolola, yaani ofisi ya kata, ndani ya miezi sita baada ya sherehe. Mwenyekiti wetu aliichukulia ndoa yangu kama ya kimila kwa sababu ng'ombe walitoka. Hakuuliza kuhusu kanisa, na mimi sikumwambia.

Kazi ya pili ikawa hati ya ndoa, maana mahakamani huwezi kuomba kuvunjiwa kitu ambacho huwezi kuonyesha kilikuwepo. Yangu ilibaki kwa mume. Nikapanda taksi hadi Tororo, nikabadilisha, nikafika Mbale kwenye ofisi ya URSB, idara ya serikali inayotunza kumbukumbu za ndoa. Watu wengi bado wanakwenda NIRA. NIRA ni vizazi, vifo na vitambulisho. Huduma ya Mbale naisifu kwa moyo wote. Dada wa mapokezi alinielekeza jinsi ya kujaza fomu ya kutafuta kumbukumbu, nikalipa ada, nikapewa risiti, na hakuna aliyeniomba hata shilingi ya chai. Jibu ndilo lililoniumiza: ndoa yenu haimo.

Kumbe kila kanisa lenye leseni ya kufungisha ndoa linatakiwa kupeleka nakala serikalini. Kanisa letu lilikuwa limekaa miaka bila kupeleka. Nikarudi kijijini kumwona mchungaji wa sasa, kijana mpole asiyehusika na makosa ya wenzake waliotangulia. Akanipeleka stoo nyuma ya madhabahu. Kulikuwa na sanduku la bati jeusi, na ndani yake vitabu vitatu vya ndoa. Cha kwanza mchwa walikuwa wamekila kutoka pembeni hadi katikati, kurasa zimebaki kama majani ya mhogo yaliyoliwa na wadudu. Tukafungua cha pili tukiwa tumechuchumaa, yeye anasoma majina, mimi namulika kwa tochi ya simu. Mwaka 2008, mwezi wa Agosti. Jina langu la usichana, kwa wino wa bluu. Chini yake alama ya kidole gumba cha mama yangu, aliyekuwa shahidi wangu. Mama alifariki mwaka 2016. Nilikiweka kidole changu juu ya kile chake na sikuweza kusema neno kwa muda.

Mchungaji aliandika barua, akapeleka nakala za ndoa zote zilizokuwa zimelala, na baada ya wiki kadhaa nikapata hati yangu iliyothibitishwa. Kama ulifunga ndoa kanisani, nenda kauangalie ukurasa wako leo, hata kama unampenda mumeo kuliko jana. Mchwa hawangoji ugomvi.

Mahakamani uzoefu ulikuwa mchanganyiko. Siku ya kwanza, nje ya lango, mwanamume mwenye faili mkononi aliniambia kwa shilingi 400,000 nitapata talaka ndani ya wiki mbili, bila mume kujua. Nilikaribia kumpa. Hakuna talaka ya namna hiyo: mwenzako lazima apelekewe hati ya wito, na hata asipofika unatoa ushahidi wako mbele ya hakimu. Kilichoniokoa ni jirani aliyenipeleka kwa wanasheria wa msaada wa kisheria, ambao huhudumia bure mtu asiye na uwezo. FIDA, chama cha wanawake wanasheria kilichoanzishwa mwaka 1974, nacho hufanya kazi hiyo.

Mwanasheria aliyeandika ombi langu aliniuliza maswali kwa saa mbili nzima. Nilitaka kueleza kila tusi na kila usiku wa njaa. Akanituliza, akaandika, kisha akanieleza kwamba mahakama inahitaji sababu inayotambulika: uzinzi, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka miwili au zaidi. Zamani mume alitosheka na uzinzi peke yake, mke akatakiwa aongeze na kosa lingine juu yake. FIDA wakapeleka jambo hilo Mahakama ya Katiba, na mwaka 2004 ubaguzi huo ukafutwa. Nilipolisikia hilo nililia. Miaka ishirini sheria ilikuwa upande wangu na hakuna aliyefika kijijini kutuambia.

Pia nilidhani lazima niende Mahakama Kuu. Kwa wenyeji kama sisi, hakimu mkuu au hakimu wa daraja la kwanza anatosha, yaani makao makuu ya wilaya yako. Ada, zinazolipwa benki, zilikuwa ndogo kuliko nauli zangu. Nauli ndizo zilinimaliza, kwa sababu kesi iliahirishwa mara nne. Mara mbili hakimu alikuwa na shughuli nyingine na hakuna aliyetupigia simu. Wanawake wenye watoto mgongoni walikaa chini ya mwembe hadi saa tisa ndipo wakaambiwa warudi mwezi ujao. Hilo halikubaliki, na ningependa wahusika walitazame.

Siku ya ushahidi karani alinitafsiria kwa Kiswahili. Mume hakuja. Aliyempelekea wito aliapa kwamba alimpa mkononi. Wakwe walikuja, wakataka ng'ombe wao watano. Mwanasheria wangu alisimama akakumbusha kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya shirika la Mifumi la kule Tororo, ilitamka kuwa kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ivunjwe ni kinyume cha katiba. Baba yangu alikuwa nyuma, kofia mapajani. Alikuwa ameshaanza kutafuta hao ng'ombe.

Amri ya kwanza unayopewa ni ya muda. Usiolewe nayo, usikimbilie benki nayo. Lazima ipite miezi sita, kisha uombe ile kamili, na usipoomba faili linalala tu. Mimi nilirudi siku ya kwanza baada ya miezi sita kutimia.

Kuhusu kutafuta talaka ya mtu mwingine: binti wa shangazi aliniomba nimsaidie kuhakikisha mchumba wake kweli aliachana na mke wa kwanza. Mahali pa kuuliza ni mahakama ile ile iliyosikiliza kesi, kwa nambari ya kesi au angalau majina na mwaka. Kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, utapata zaidi hukumu za mahakama za juu. Kama mwanamume hawezi kukutajia mahakama wala mwaka, msubirishe.

Amri yangu kamili niliipokea mwaka huu. Nilichukua nakala nne zilizothibitishwa: ya benki, ya msajili, ya nyumbani, na moja nikampelekea mwenyekiti pamoja na ile barua yake ya 2019. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, polepole, hadi chini. Kisha akaniletea kiti, akaingia ndani kutafuta daftari lake, akaniomba nimtajie majina ya wanawake wengine aliowaandikia barua kama yangu.